Kingamwili ya Nani, ya Nini? Uhakiki wa Istilahi Chache za Maabara

Miongoni mwa matini ambazo huletwa mbele ya Baraza ili istilahi zake zikaguliwe, zile za maabara zinazidi kuwa nyingi, na ndivyo inavyopasa kwa lugha inayodai kwamba yaweza kubeba sayansi. Hivi karibuni tumeletewa rasimu ya tafsiri ya karatasi ya maelezo ambayo hufungwa pamoja na kichupa cha kingamwili. Kilichomo kichupani si dawa ya kunywa wala ya kudungwa. Ni kitu cha kuchunguzia. Kingamwili hiyo imekusudiwa kubaini protini zitokazo katika seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zijulikanazo kwa jina la HEK 293. Mfasiri wa rasimu hatumtaji, wala siye tunayemhakiki, maana maneno mengi aliyoyatumia ameyakuta yakitumika. Tunayoyahakiki ni maneno hayo yenyewe na namna yanavyofungamanishwa katika sentensi.

Huenda msomaji akauliza ni nani katika nchi zetu atakayeisoma karatasi kama hiyo kwa Kiswahili, ilhali wanamaabara wote wamesomeshwa kwa Kiingereza. Swali hili lina jibu la karibu. Mwezi wa Machi 2021 Kenya, Uganda na Rwanda zilipokea shehena zao za kwanza za chanjo ya UVIKO-19 iliyobuniwa Oxford na kampuni ya AstraZeneca. Chanjo hiyo ilitengenezwa katika seli za HEK 293. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Tanzania ilipokea chanjo ya Johnson & Johnson, nayo ilitengenezwa katika seli nyingine za binadamu ziitwazo PER.C6. Watu waliuliza ndani yake mna nini. Waliuliza kwa Kiswahili, sokoni, misikitini, makanisani na vituoni, na wauguzi waliotakiwa kujibu walikuwa na karatasi za Kiingereza mkononi. Aliyejaribu kufasiri papo kwa papo alijikuta akitamka maneno kama "figo", "kiinitete" na "uchafu" mbele ya watu ambao tayari walikuwa na hofu. Kwa hiyo istilahi tunazozijadili hapa hazikubaki maabara. Zilikwisha kutoka nje kabla hatujazisanifu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, kwa kuwa istilahi haiwezi kupimwa na mtu asiyeijua dhana. Kiwanda kinapotaka kutengeneza chanjo ya aina hiyo, hukuza seli kwa wingi katika matangi, kisha huingiza ndani yake virusi vilivyorekebishwa ili vizaliane humo. Virusi vinapokwisha kuongezeka, seli hupasuliwa, virusi hukusanywa na kusafishwa. Seli moja ya binadamu ina protini za maelfu ya aina, na usafishaji, hata ukiwa mzuri namna gani, huacha kiasi kidogo cha protini hizo pamoja na virusi. Kiasi hicho hupimwa kwa nanogramu, na nanogramu moja ni gramu iliyogawanywa kwa bilioni. Ili kukipima, watengenezaji wa vifaa vya uchunguzi huchukua seli za HEK 293 ambazo hazikuingizwa virusi, hutoa protini zake, na kumdunga nazo mbuzi au sungura. Mwili wa mnyama huziona protini hizo kuwa ngeni, nao huzalisha kingamwili za kuzishika. Damu ya mnyama huchukuliwa, kingamwili zikatengwa na kutiwa kichupani. Tangu hapo, popote pale protini za HEK 293 zilipo, kingamwili hizo huzishika, na mshiko huo huweza kuonyeshwa kwa rangi na kupimwa.

Sasa tulitazame neno "kingamwili". Neno hili limeenea, limo katika maandishi ya afya na katika vinywa vya wauguzi, na hatupendekezi liachwe. Hata hivyo yafaa tujue lina kasoro gani, kwa sababu kasoro hiyo ndiyo mzizi wa mengi yanayofuata. Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha huko Berlin kwamba seramu ya mnyama aliyekwisha kukingwa na pepopunda au dondakoo yaweza kumkinga mnyama mwingine. Mwaka uliofuata Paul Ehrlich akatumia neno la Kijerumani Antikörper kwa kitu kilichokuwamo katika seramu hiyo. Kiingereza kikafuata kwa kusema "antibody". Katika maneno hayo mawili, sehemu inayofanana na "mwili" haimaanishi mwili wa mtu wala wa mnyama. Yamaanisha kitu kidogo chenye umbo, kipande cha maada, kama vile Mswahili asemavyo "chembe". Kitu hicho kilisemwa kuwa kinyume cha kingine. Neno halikusema kwamba kinaukinga mwili wa yeyote. Kiswahili, ama kwa kufasiri sehemu kwa sehemu ama kwa kutazama kazi yake katika mwili ulio hai, kikapata "kinga" na "mwili". Matokeo yake ni neno zuri kwa daktari wa wodini, na neno linalopotosha kwa mwanamaabara. Kingamwili iliyo kichupani, iliyotoka kwa mbuzi na kuhifadhiwa katika baridi, haimkingi mtu na lolote. Inatambua na kushika, basi.

Ukaribu wa "kingamwili" na "kinga ya mwili" umekwisha kuleta madhara makubwa zaidi ya haya ya chanjo. UKIMWI, jina lililoundwa kwa ustadi katika miaka ya 1980, linatueleza kwamba ugonjwa huo ni upungufu wa kinga mwilini. Wakati huohuo kipimo cha haraka cha Virusi vya UKIMWI hutazama kama mtu anazo kingamwili za virusi hivyo. Mtu wa kawaida afanye nini na sentensi hizi mbili? Anaambiwa kwamba ugonjwa ni kupungukiwa na kinga, kisha anaambiwa ana ugonjwa kwa kuwa kingamwili zimeonekana. Tatizo huwa kubwa zaidi kwa mama aliyejifungua akiwa na virusi. Kingamwili za mama humpitia mtoto tangu tumboni, nazo huweza kubaki katika damu ya mtoto mpaka afikapo umri wa miezi 18. Ndiyo sababu mtoto wa umri huo hapimwi kwa kutafuta kingamwili pekee. Hutafutwa virusi vyenyewe. Mama akiambiwa "mtoto ana kingamwili", ataelewa ama kwamba mtoto amekingwa, ama kwamba ameambukizwa. Sentensi haisemi lolote kati ya hayo mawili. Ilipasa kusema kingamwili hizo ni za nani, na zinatambua nini.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha malalamiko yetu juu ya rasimu, nacho ni kiunganifu cha "-a". Kiunganifu hiki ni mtumishi hodari wa Kiswahili, lakini hubeba mizigo mingi mno kwa wakati mmoja. Kisu cha Juma ni mali ya Juma, kisu cha chuma kimeundwa kwa chuma, na kisu cha mkate ni cha kukatia mkate. Dawa ya macho huponya macho, dawa ya mbu huua mbu, na dawa ya kienyeji haiponyi wala haiui wenyeji. Msikilizaji hapotei kwa sababu anavijua visu na anawajua mbu. Ujuzi wake wa dunia humwongoza pale sarufi inaponyamaza. Lakini ni ujuzi gani utakaomwongoza mtu anayesoma kwa mara ya kwanza maneno "kingamwili ya mbuzi"? Je, imetoka kwa mbuzi, au inatambua protini za mbuzi, au ni ya kumkinga mbuzi na homa ya mapafu? Katika maabara maana mbili za kwanza zote zipo, tena zaweza kuwa juu ya meza moja.

Rasimu imeandika "kingamwili ya binadamu" mahali ambapo matini asilia yazungumzia kingamwili inayotambua protini za binadamu. Kingamwili yenyewe ni ya mbuzi. Mtu aliyesoma Kiswahili tu angeamini kwamba kichupa kina kitu kilichotolewa katika damu ya mtu, na angekuwa na haki ya kuuliza ni mtu gani huyo na kama aliridhia. Mbele kidogo kuna kingamwili ya pili, ambayo hutolewa kwa sungura na hutambua ile ya kwanza, nayo ndiyo huchukua kimeng'enya cha kuleta rangi. Mfasiri ameiita "kingamwili ya sungura ya kingamwili ya mbuzi ya protini za binadamu". Sarufi ya maneno hayo haina kosa hata moja, na hakuna mwanadamu atakayeyaelewa.

Wengine wamejaribu kuepuka tatizo kwa kutumia "dhidi ya", kwa kuiga kiambishi kinachotangulia jina la kitu kinachotambuliwa katika Kiingereza. Hatuoni kama ni dawa. "Dhidi ya" katika Kiswahili ni neno la vita, la mashtaka na la mechi za mpira. "Kingamwili dhidi ya protini za binadamu" ni maneno yatakayomtisha msomaji yeyote, hasa yakiwa katika karatasi inayohusu utengenezaji wa chanjo, na kutisha huko hakuna faida ya kitaalamu, kwa kuwa kingamwili ya kichupani haishambulii kitu.

Tunachopendekeza ni sahili, tena kimo ndani ya lugha. Kiunganifu "-a" kitengewe asili peke yake, na kinachotambuliwa kitajwe kwa kitenzi. Hivyo tutakuwa na "kingamwili ya mbuzi itambuayo protini za HEK 293", na ya pili itakuwa "kingamwili ya sungura itambuayo kingamwili za mbuzi". Maneno ni mengi kidogo kuliko ya Kiingereza, lakini kila moja lina kazi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu ataweza kusema kitu kimetoka wapi na kinashika nini. Pale inapotakiwa kutofautisha kingamwili za kuchunguzia na zile zilizo mwilini, "kingamwili tambuzi" yatosha. Kuna waliopendekeza "kitambuzi" peke yake. Neno ni zuri, lakini linaelekea kutwaliwa na mafundi kwa vifaa vinavyohisi moshi, joto na mwendo, na si busara kugombana nao. Kadhalika "kingamwili" iandikwe daima kuwa neno moja, na "kinga ya mwili" daima kuwa maneno matatu, bila kuruhusu "kinga mwili" ya katikati ambayo haijulikani iko upande gani.

Neno jingine lililotushughulisha ni lile linalotaja seli zinazoendelea kuzaliana maabara kutokana na chanzo kimoja. Rasimu imelifasiri kuwa "mstari wa seli", na hapa mfasiri ameshikwa na sura ya neno la Kiingereza "line". Mstari tunaouchora kwa rula hauhusiki kabisa. Neno la Kiingereza hapo ni la uzao, kama lisemwavyo kuhusu wafalme na farasi. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya uzao. Kuna "mbegu", ambayo wafugaji huitumia wanaposema ng'ombe wa mbegu nzuri, lakini mbegu ni pia za kiume, na neno hilo likiwekwa karibu na seli za binadamu litaleta kicheko au kashfa. Kuna "nasaba", lenye heshima yake, ila tungependa kulihifadhi kwa dhana nyingine ya biolojia, yaani njia ipitwayo na seli tangu hali yake ya awali katika kiinitete hadi kukomaa kuwa seli ya damu, ya ngozi au ya neva. Limebaki "ukoo". Watu wa ukoo mmoja hujua kwamba wana chanzo kimoja, wana jina moja, na huendelea kuongezeka hata baada ya huyo wa kwanza kufa. Hali za seli hizi ni hizohizo. Twapendekeza "ukoo wa seli", kwa wingi "koo za seli", na "kloni" ibaki kwa seli zilizotokana na seli moja tu, kwa sababu si kila ukoo ulianza na seli moja.

Mfano ulio maarufu kuliko yote unaunga mkono neno hili. Mwaka 1951 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, walichukua seli katika uvimbe wa saratani ya Henrietta Lacks, mama mwenye asili ya Afrika, bila ya kumwomba idhini. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka uleule. Seli zake, zilizopewa jina la HeLa kwa herufi mbili za mwanzo za kila jina lake, zinaendelea kuzaliana katika maabara za dunia nzima. Anayeziita mstari amezifanya kuwa mchoro. Anayeziita ukoo amekumbuka, hata bila kukusudia, kwamba kulikuwa na mtu.

Tukija kwenye HEK 293 yenyewe, tunakutana na tatizo la jina. Herufi tatu za mwanzo zinatokana na maneno ya Kiingereza yanayotaja binadamu, kiinitete na figo. Seli hizo zilipatikana Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, katika maabara ya Alex van der Eb, ambako Frank Graham aliingiza vipande vya DNA ya adenovirusi katika seli za figo. Namba 293 ni namba ya jaribio lake katika daftari. Mfasiri wa rasimu hakuridhika na herufi. Kila mahali zilipotokea ameandika "seli za figo ya kiinitete cha binadamu". Maneno hayo yametokea mara nyingi katika kurasa chache, na athari yake kwa msomaji ni kuamini kwamba kuna mahali ambapo viinitete vinaendelea kukusanywa na figo zao kutolewa. Ukweli ni kwamba chanzo kilikuwa kimoja, zaidi ya miaka 50 iliyopita, na seli zitumikazo sasa ni wazao wa wazao wa zile za kwanza.

Isitoshe, tafsiri hiyo ina kasoro mbili za kitaalamu. Kiswahili hutofautisha kiinitete, kilicho cha wiki za mwanzo, na kijusi, ambacho viungo vyake vimekwisha kuumbika. Na figo inayoweza kutolewa na kukuzwa ni ya kijusi. Kiingereza hapa kimetumia neno lake kwa ulegevu, na mfasiri ameuhamisha ulegevu huo kwetu pamoja na mizigo mingine. Kasoro ya pili ni kwamba hata hiyo figo ina mashaka. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba seli za HEK 293 zina sifa nyingi za seli changa za neva, jambo lililowafanya watafiti hao waone kwamba huenda seli iliyonusurika katika jaribio la Leiden haikuwa ya figo hasa. Jina basi laweza kuwa si sahihi hata katika lugha lililozaliwa. Kwa nini tulifasiri mara kwa mara jina ambalo wenyewe wamelifanya kuwa lakabu tu? Hakuna anayelitafsiri jina la Dar es Salaam kila anapokata tiketi ya basi. Iandikwe "ukoo wa seli wa HEK 293", na asili yake ielezwe mara moja, kwa ukamilifu na bila kuficha, mwanzoni mwa matini. Kutofasiri jina kusiwe kisingizio cha kumnyima msomaji habari. Msomaji mwenye dini yake na dhamiri yake ana haki ya kujua seli zilikotoka, na apewe habari hiyo kwa sentensi timamu badala ya kuitoa kwa vipande ndani ya jina.

Protini zinazosalia katika chanjo baada ya usafishaji rasimu imeziita "uchafu". Ni kweli kwamba wakemia huzungumza juu ya usafi wa maada, na kinyume cha usafi ni uchafu. Lakini uchafu katika Kiswahili ni wa jalala na wa mikono isiyonawa, na uchafu ndani ya sindano ni jambo la kukimbilia polisi. Kwa dhana hii lipo neno "masalia", na kwa urefu wake "masalia ya protini za seli mwenyeji". Tunalipenda neno "mwenyeji" hapa. Limekwisha kuzoeleka katika somo la vimelea, na picha yake ni kamili: virusi ni mgeni aliyekaribishwa kwa kazi, seli ndiyo mwenye nyumba, na mgeni anapoondoka yapasa kutazamwa kama amebeba vyombo vya mwenyeji.

Kosa kubwa kuliko yote katika rasimu, kwa maoni yetu, limo katika neno moja la jedwali la mwisho. Pale ambapo matini asilia imeandika kwamba protini hazikubainika, Kiswahili kimeandika "hakuna". Tofauti hii si ya mtindo. Kila kipimo kina kiwango cha chini ambacho chini yake hakiwezi kuona, hata kama kitu kipo. Tena kingamwili za kichupa hiki zina mpaka mwingine wa ziada: zinatambua zile protini ambazo mwili wa mbuzi ulizipinga. Protini ambayo mbuzi hakuijali, labda kwa kuwa inafanana mno na yake mwenyewe, haitapata kingamwili, na kwa hiyo haitaonekana hata ikiwa nyingi. Mtaalamu anayeandika "hazikubainika" anasema habari ya kipimo chake. Anayeandika "hakuna" ametoa ushahidi juu ya chanjo yenyewe, na huo si ushahidi alio nao. Mtu anayesema kwa Kiswahili "nilimtafuta sikumwona" hajasema kwamba hayupo. Tunasisitiza basi "kubainika" na "kutobainika", na "kikomo cha ubainishaji" kwa kile kiwango cha chini. "Kugundua" tungekiacha kwa wavumbuzi.

Yapo mambo madogo ambayo twayapitia upesi. Kingamwili hizi za mbuzi ni mchanganyiko wa kingamwili zilizozalishwa na seli nyingi tofauti za mnyama huyo, ilhali tangu mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walionyesha huko Cambridge namna ya kupata kingamwili za aina moja tu kutoka katika kloni moja. Rasimu imeita za kwanza "kingamwili mseto". Neno linavutia, na sisi tulikuwa karibu kulikubali, lakini mtu akichanganya kichupa kimoja kingamwili tatu za kloni moja moja, huo nao ni mseto. Heri "za kloni nyingi" na "za kloni moja", ingawa hayana utamu.

Na kuna ile "blotingi ya Magharibi". Njia hii huhamisha protini kutoka katika jeli hadi kwenye utando ili kingamwili ziweze kuzifikia. Jina lake la Kiingereza ni mzaha wa wanasayansi. Mwaka 1975 Edwin Southern alibuni njia ya kuhamisha DNA, na njia hiyo ikapewa jina lake, ambalo kwa bahati lafanana na neno la upande wa kusini. Waliokuja baadaye wakaita ile ya RNA Kaskazini, na ile ya protini wakaiita Magharibi. Mzaha wenyewe haufasiriki, kwa kuwa Bwana Southern hakuitwa Kusini na mtu yeyote. Mwanafunzi wetu atabaki akijiuliza kama kuna protini za Mashariki. "Uhamishaji wa protini kwenye utando" lasema linalofanyika, na halihitaji dira.

Limebaki neno moja ambalo hatujapata kulipatia mwenzake. Wataalamu huuliza kingamwili za kichupa fulani zinatambua sehemu gani ya protini zote za ukoo wa seli, nao hueleza jibu kwa asilimia. Rasimu imesema "ufunikaji", kana kwamba ni habari ya paa au mfuniko wa sufuria. Sisi tumefikiria "upana wa utambuzi", lakini upana hauhesabiwi kwa asilimia, na "ueneo" umekwisha kutumika katika habari za magonjwa. Tumewaandikia walimu wa baiokemia na mafundi wa maabara ili watuambie wao husemaje wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe kwa Kiswahili, mezani kwao, pasipo mgeni.